Kwa wanangu mnaocheza ngoma mahotelini

Wanangu,

Assalamu alaykum. Nawaandikia nyinyi mnaopanda gari za jioni kwenda kucheza Nungwi, Kiwengwa na Paje. Sikuja kuwakataza. Mie ngoma nimeicheza, na nimetukanwa kwa kuicheza na watu walewale walionialika harusini kwao.

Juzi mjukuu wangu kanionesha nguo aliyopewa kazini: kisketi cha majani na kitambaa cha madoa ya chui. Nikamuuliza, "Bibi yako yupi alivaa hivi?" Chui wenyewe wa Unguja hatuwaoni tena, ila ngozi zao za dukani zimejaa mahotelini! Akanambia meneja kataka "Uafrika zaidi," tena wakate viuno tokea mwanzo, maana zile salamu za kufungulia ngoma zinawachosha wageni.

Hapo ndipo nilipokasirika. Hili si la leo. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alipelekwa London mwaka 1810, watu wakalipa kuyatazama makalio yake. Akafariki Paris mwaka 1815, na hata maiti yake haikusitiriwa. Mifupa yake iliwekwa makumbusho, akaja kuzikwa kwao mwaka 2002. Paris hiyohiyo, mwaka 1926, Josephine Baker akapanda jukwaani na kisketi cha ndizi. Mzaliwa wa St. Louis, Marekani, huyo! Lakini waliokata tiketi walitaka Afrika ya vichwani mwao, basi wakamvika yeye. Alikuwa mwerevu, akapata jina na mali, na hayo simnyimi. Ila ndizi zile hakutoka nazo kwao.

Na sisi kiuno tunacho, tena kina chuo chake. Unyago, mafunzo ya msichana aliyevunja ungo, ni wa ndani, baina ya somo anayefundisha na mwari anayefundwa, na mwanamme hapiti. Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, aliutoa msondo, ngoma ya unyago, mbele ya wageni, na wapo waliomlaumu. Mie simlaumu. Ngoma aliishika mwenyewe, na hakuna aliyemwambia aanzie wapi.

Sasa nyinyi, kabla hamjaweka mkono kwenye malipo, semeni mtavaa kanga. Mmoja wenu aitaje ngoma kwa jina lake, kwa Kiswahili, kabla haijapigwa. Salamu zisikatwe. Ya unyago yasipigwe video. Bora mcheze kidumbaki, ngoma yetu ya harusini. Meneja akikataa, mtajua alikuwa anataka nini. Na vijana wetu wanaowaita wahuni, huku simu zao zimejaa video zenu, hao niachieni mie.

Tena kuna lelemama mmeisahau kabisa: wanawake safu moja, mwendo wa taratibu, mikono ndiyo inayosema. Ijumaa baada ya alasiri nipo barazani. Njooni na doti zenu niwafundishe mikono, kiuno mnakijua.

Bibi yenu, Ng'ambo