Alama za mafuriko wachonge mafundi wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, tangu Kimbunga Hidaya kilipotufikia Mei 2024, limejadiliwa kama suala la barabara na madaraja tu. Barabara ilipokatika Somanga, mikoa yetu ya kusini ilitenganishwa na Dar es Salaam, na aliyekuwa na mgonjwa au mzigo njiani hahitaji kusimuliwa. Wahandisi wanayo kazi yao. Sijasikia, hata hivyo, fundi yeyote aliyepewa kazi ya kuweka kumbukumbu ya mahali maji yalipofika.

Uzembe huu si mgeni kwetu. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na kuua watu, ilhali leo kijana wa mji huo hana pa kukisoma wala pa kukiona. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipoishia Cabo Delgado, Msumbiji, wapo waliotoka kwenye makazi ya muda hapa Mtwara wakijigamba kwamba pwani hii haipigwi. Huko Japani, katika kijiji cha Aneyoshi, liko jiwe lililosimikwa baada ya tsunami ya mwaka 1933, likiwaonya watu wasijenge chini yake. Tsunami ya 2011 ilipokuja, maji yaliishia chini ya jiwe hilo na nyumba za kijiji zikasalimika.

Sisi tunao Wamakonde. Kinyago cha ujamaa, cha watu waliobebana mmoja juu ya mwingine, kinafaa mno kwa kazi hii: kisimikwe shuleni, sokoni au penye kivuko, na kiganja cha yule wa juu kabisa kioneshe kimo cha maji. Ninasisitiza tu kwamba kisichongwe kwa mpingo mbichi. Mti huo huhitaji miaka 70 au zaidi kukomaa, na kuukata msituni ili kuomboleza mafuriko, wakati misitu ndiyo inayoshika udongo na kupunguza kasi ya maji, ni kichekesho. Itumike miti iliyoangushwa na maji yenyewe, hasa miembe, ingawa mchwa wataishambulia na itabidi kitako kiwe cha zege.

Kwa kuwa mti huoza, ngoma nayo ishirikishwe. Midimu, wachezaji wa Kimakonde wanaovaa vinyago vya usoni, hutoka vijana wanapomaliza jando, wakati ambao wamezoea kufundishwa mambo mazito ya maisha. Sioni kwa nini kinyago kimoja cha usoni kisiwe cha kimbunga, na wimbo wake ukataja mabonde yaliyofurika kwa majina. Ufukweni, alama iambatane na upandaji wa mikoko, kama ilivyofanyika Kilwa Kisiwani kuyakinga magofu dhidi ya mawimbi.

Nazisihi halmashauri zisiligeuze jambo hili kuwa shindano la vinyago vya kuuzia watalii. Wachongaji walipwe kwa mkataba, kama anavyolipwa mkandarasi wa kalvati, na wapelekwe kwanza vijijini pamoja na wapimaji na wazee walioshuhudia, kwa sababu alama za tope zilizobaki kwenye kuta za nyumba zinaendelea kupakwa chokaa.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara