Mwacheni Mwenzenu Augue

Wanangu wa kikundi cha maombi, Bwana asifiwe.

Jana jioni, saa ya kuona wagonjwa, binti yetu aliilaza simu yake kifudifudi juu ya kikabati cha kando ya kitanda, akaniambia, "Nyanya, hebu nisomee wewe, mimi siwezi tena." Nikavaa miwani. Kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia mbili, karibu wote wenu. Mmoja anamwamuru asimame. Mwingine anamwambia akiri kwamba ameshapona, asilitamke kabisa neno "mgonjwa", maana ulimi huumba. Mmoja, simtaji lakini anajijua, amemwuliza kwa upole kama hakuna dhambi aliyoificha huko alikokuwa. Nilisoma kimoyomoyo, kisha nikamwambia wenzako wanakusalimu. Mungu anisamehe.

Sina ugomvi na maombi. Nimekuwa muuguzi miaka 33 kabla ya kustaafu, na pengine nimeomba zaidi kwenye korido za wodi kuliko kanisani. Ninachowaomba ni kimoja tu: mpeni mwenzenu nafasi ya kuugua.

Naona wengi hamjui hata anaumwa nini, kwa hiyo nawaambia, kwa ruhusa yake. Ni malaria kali. Tulimtuma vijiji vya ndani huko Kwale akahubiri, na mbu wa kule hawaulizi nani ametumwa na kanisa. Vimelea vikizidi kwenye damu hupasua chembe nyekundu na kuziba mishipa midogo, na figo zinaweza kusimama. Zake zimesimama. Ndiyo maana anaunganishwa na ile mashine ya kusafisha damu. Figo zilizosimama hivi mara nyingi huamka baada ya siku kadhaa au majuma, lakini daktari haahidi, na mimi siahidi.

Alikaa na homa siku tano akinywa panadol, akiona haya kuiambia timu kwamba mtumishi anaumwa. Alipovushwa Likoni usiku ule hakuwa anajitambua. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini tuulizane nani alimfundisha kuficha. Ni sisi. Kila Jumapili ya ushuhuda tunamsimamisha mbele aliyepona. Sijaona hata siku moja tukimpa kipaza sauti anayeendelea kuumwa.

Kuna aliyemshauri akatae dawa ili imani yake ionekane. Huyu nitamjibu kwa kirefu kidogo. Hezekia alilia, akaomba, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Na hiyo sindano ya artesuneti anayodungwa binti yetu, asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga. Pakanga hiyohiyo tunayoisoma kwenye Maombolezo kama jina la uchungu wenyewe! Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi ya kuitoa dawa hiyo kwenye mmea. Mimi nikiona sindano ile inaandaliwa namshukuru Mungu, wala sioni imani yangu imepungua popote.

Kuhusu dhambi iliyofichwa, someni Yohana sura ya 9. Wanafunzi waliuliza swali hilohilo juu ya yule kipofu, na Bwana aliwajibu kwamba si yeye aliyetenda dhambi wala wazazi wake. Halafu mtafuteni Trofimo mwishoni mwa 2 Timotheo. Paulo, ambaye hata leso zilizogusa mwili wake ziliponya watu Efeso, anaandika kwa mstari mmoja tu kwamba Trofimo alimwacha Mileto, hawezi, yaani mgonjwa. Hamkemei, hamchunguzi. Naye Epafrodito aliugua karibu na kufa, na Paulo anawaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha na kumheshimu. Wala hakuona haya kuandika kwamba naye angekuwa na huzuni juu ya huzuni.

Na kama mnataka mfano wa hapa nyumbani, siku moja mkitoka ufukweni Nyali piteni kwenye kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Krapf. Alifika Mombasa na mumewe mwaka 1844, akiwa na mimba. Mwezi wa Julai homa ikawaangusha wote wawili. Yeye akafa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe hali yake ilikuwa mbaya. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Daktari Ronald Ross alikuja kuliona hilo mwaka 1897. Nani kati yenu atasimama kwenye kaburi lile aseme yule mama alipungukiwa imani?

Msidhani nasema haya kwa sababu mimi ni mwema. Mwaka 1987, zamu ya usiku, mama mmoja alimpoteza mtoto wake alfajiri. Mimi nilikuwa nimeokoka karibuni, nina moto kama nyinyi. Nikamwambia, "Ungeamini, angepona." Hakunijibu. Aliichukua leso aliyokuwa akimbebea mtoto, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaiweka kifuani na kutoka. Miaka ilipita. Siku moja nikakutana naye soko la Kongowea, tumesimama kwenye meza moja. Alinitazama, akanigeuzia mgongo akaendelea kuchagua vitunguu. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa na mdomo, na nafasi ilikuwepo, na sikumwomba.

Juzi jirani yangu Mwislamu alikuja wodini na chupa ya uji wa mchele. Akaketi, akamsugua binti yetu nyayo kwa mafuta ya nazi, kama robo saa hivi, akasema "Mungu akuafu, mwanangu," akaondoka. Binti yetu alilala. Ilikuwa mara ya kwanza kulala mchana tangu aletwe. Rafiki za Ayubu nao walianza vizuri, siku saba chini pamoja naye bila neno. Wameharibu walipofungua kinywa.

Mchungaji na wazee tulishampaka mafuta, kama Yakobo alivyoagiza. Baada ya hapo nilimwuliza nimsomee Zaburi gani, nami nimeshafungua ya 91. Akasema si hiyo, ya 88. Nyinyi mnaoijua mnajua inavyoishia: gizani, bila hata mstari mmoja wa kufariji. Nikaisoma yote. Alifumba macho, midomo ikicheza, anaifuata. Sijasikia maombi ya kweli kuliko hayo mwaka huu.

Sasa kazi. Mkesha wa Ijumaa uendelee, kanisani, si chini ya madirisha ya wodi; kuna wagonjwa wengine pale, na walinzi wamelalamika. Ujumbe utumwe mmoja kwa siku, na katibu wenu ndiye atakayeutuma. Damu inatakiwa. Mlikuwa arobaini kwenye mkesha uliopita na waliotoa damu ni wawili. Aliye na miaka kati ya 16 na 65 na uzito wa kilo 50 kwenda juu aende akapimwe. Wanaofunga, siku ya kutoa damu mle kwanza, mnywe na maji. Sitaki wa pili wa kulazwa. Mama yake anahitaji nauli ya matatu na mtu wa kumpikia wadogo wa huyu binti huko nyumbani. Wodini muingie wawili wawili. Akitaka kulia, alie. Akisema anaogopa kufa, msimkatize na "pepo toka"; mshikeni mkono mkae.

Jumanne na Jumamosi ni zamu yenu, mpangane. Alhamisi ni siku ya mashine na hutoka pale hoi, hataki maneno. Hiyo nitaenda mimi. Ameniomba kikata kucha. Kucha zake zimekuwa ndefu na zinamkwaruza.