Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Mafundi Simu na Kompyuta, Mtwara Mjini

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wajumbe wa kamati na ndugu wanachama mliofika,

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawashukuru ninyi mliofika. Wasiofika nao wana sehemu yao humu ndani, nitawafikia. Mkutano huu ulikuwa ufanyike Novemba, tukausogeza kupisha uchaguzi wa serikali za mitaa, ikaja Krismasi, na baada ya hapo akidi ikawa kila mara inagoma kutimia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Nanenane tulikwenda Ngongo kule Lindi. Misiba tulizika, harusi tulichangia, na bonanza na bodaboda tulifungwa. Mei, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Kilwa ikakatika, spea zetu zilikwama njiani, na siku chache baadaye nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikafa, wateja wakatuletea simu nzima wakidai mbovu. Nilitoa tangazo redioni kueleza hali ile. Halikumgharimu mtu hata senti, ila sijasikia aliyelikumbuka.

Sasa Dubai, yaani safari yangu ya Oktoba kwenye maonyesho ya teknolojia kwa hela ya chama, maana najua ndiyo iliyowaleta wengine hapa leo.

Kamati ina wajumbe tisa. Siku ya uamuzi walifika watano, na kwa katiba yetu watano ni akidi. Watatu waliunga mkono, wawili wakakataa. Wanaosema mmoja wa wale watatu nilikuwa mimi wanasema kweli, ila katiba haijamnyima mwenyekiti kura yake. Ajabu ni kwamba wale wanne ambao hawakufika kikaoni ndio wenye sauti kubwa zaidi kwenye kundi letu la WhatsApp. Na kwa nini niende mimi? Kwa sababu pasipoti nilikuwa nayo. Katibu hana, Mweka Hazina ya kwake imekwisha muda. Tungesubiri watu waanze kufuatilia pasipoti, Oktoba ingetupita.

Chama kilitoa shilingi 3,800,000, zikiwemo tiketi, viza, malazi na nauli za ndani. Nyongeza ya 900,000 ni ya mfukoni mwangu na sijaidai. Nasikia inasemwa kwamba hela ile ilikuwa ya mashine ya kubandua vioo vya simu. Haikuwa. Mashine ilitajwa kwenye mengineyo, na mengineyo si bajeti.

Yale maonyesho yanaitwa GITEX. Yanafanyika Dubai kila mwaka tangu 1981, na kongamano lake ndani yake. Ya 2024 yalifunguliwa 14 Oktoba, sisi huku tukiwa mapumzikoni kwa Siku ya Nyerere, yakafungwa tarehe 18. Waandaaji walitangaza kampuni zaidi ya 6,500. Ukishuka kituo cha metro cha World Trade Centre hukuwa na haja ya kuuliza njia, ulifuata msafara wa watu wenye vitambulisho shingoni. Mimi nilivaa viatu vipya vya ngozi kwa heshima ya chama. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeshavikanyaga visigino natembea navyo kama ndala. Nalisema hili kwa ajili ya wale waliosema nilikwenda kupumzika.

Siwadanganyi kwamba kuna banda la kubadilisha vioo vya Tecno. Kila ukigeuka ni akili mnemba, ulinzi wa mtandao, roboti, na serikali za watu zikijinadi. Mabanda mengine yanazidi ukubwa wa stendi yetu. Mtu wa kariba yetu akisimama pale anaulizwa anawakilisha kampuni gani, na nilijibu bila aibu kwamba nawakilisha mafundi wa Mtwara. Kadi za biashara nilizopewa zimo kwenye bahasha, anayetaka aje azione.

Lakini jambo kubwa nililipata kwenye foleni ya chakula. Mbele yangu alikuwa kijana wa Nairobi, fundi kama sisi, tukazungumza Kiswahili mpaka chai ikapoa. Akatoa iPhone yake aliyoibadilisha kioo kwa mkono wake, akafungua sehemu ya mipangilio akanionyesha maandishi: simu inasema haikitambui kioo kile. Kinaonyesha vizuri, kinagusika vizuri, simu yenyewe inakikana. Wangapi hapa tumeshagombana na mteja kwa maandishi hayo, akidai tumemwekea feki? Kumbe ni mpango wa kiwandani, kila spea imefungwa na bodi kuu ya simu yake kwa programu. Na huko kwa wenzetu mambo haya yameshafika bungeni. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria Machi 2024 kuwabana watengenezaji wanaofunga spea kwa namna hiyo. Umoja wa Ulaya nao mwaka huohuo ulipitisha mwongozo wa haki ya kutengenezewa vifaa. Sheria za watu hazifiki hapa kwetu Chikongola, nakubali, lakini simu zinatengenezwa kwa kufuata soko la watu hao, na sisi tunaletewa zilezile.

Chaji ni mfano wa karibu. Kuanzia 28 Desemba 2024 simu mpya inayouzwa nchi za Umoja wa Ulaya lazima ichajiwe kwa Type-C. iPhone yenyewe ilishahamia huko tangu toleo la 15, mwaka 2023. Niliporudi nilisema waziwazi: acheni kununua waya za zamani kwa katoni. Waliosikia wameokoa mtaji. Kuna mmoja, jina nalihifadhi, ana katoni zimejaa chini ya kaunta na sasa anataka chama kimsaidie kuzisukuma.

Msimu wa korosho. Hoja hii imeniuma. Inasemwa Mwenyekiti aliondoka Oktoba, minada imeanza, bei imevuka shilingi 4,000 kwa kilo, wakulima wa Newala na Tandahimba wanashuka mjini kununua simu, chama hakina msemaji. Kwanza, mnada si malipo. Korosho inauzwa leo, hela inaingia benki baadaye, na nilikuwa nimesharudi fremu yangu imefunguliwa. Pili, Makamu alikuwepo, namba yake mnayo. Tatu, tarehe za GITEX sizipangi mimi.

Kuhusu picha yangu na ngamia kule Dubai: ilipigwa baada ya maonyesho kufungwa, jioni, na ngamia nilimlipia mwenyewe. Risiti ya ngamia haimo kwenye hesabu za chama na haitakuwamo.

Siku hiyohiyo asubuhi nilikuwa Deira, mtaa wa Dubai, kwenye maduka ya jumla, na huko nikanunua hadubini ya kutengenezea bodi, ambayo ni mali ya chama. Nasikia kwamba imekuwa mali yangu kwa sababu ipo dukani kwangu. Chama hakina ofisi. Fremu yangu ina mlango wa chuma na mlinzi wa usiku. Mwenye mahali salama zaidi aseme leo, nitaikabidhi na waya wake.

Niliporudi niliandaa mafunzo ili elimu isibaki kichwani kwangu. Ukumbi ulikodiwa, vijitabu 60 vikachapwa, vitumbua na soda vikaagizwa kwa mama lishe. Walikuja watu 14, wawili kati yao si wanachama. Vitumbua tuligawa kwa bodaboda wa nje, walewale waliotufunga kwenye bonanza. Halafu wasiofika ndio wanaouliza safari ililetea nini chama. Sasa waliletewa wakakataa kuja kupokea, mimi nifanye nini tena?

Na hela. Daftari lina wanachama 84, ada ni 60,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 29, waliotoa vipande vipande ni 22, na 33 hawajatoa chochote. Tulitakiwa kukusanya 5,040,000, tumekusanya 2,350,000, tunadai 2,690,000. Deni hilo peke yake, kwa bei nilizoziona Deira, linanunua ile mashine ya vioo na chenji inabaki. Nimepitia orodha ya waliolalamika kuhusu mashine nikailinganisha na daftari la ada. Sitasoma majina. Mweka Hazina anayo.

Kwa mwaka 2025 tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza wanachama, kutafuta ofisi, na kuangalia uwezekano wa mashine. Tume ya TEHAMA nayo ina kongamano lake la kila mwaka hapahapa nchini. Wapo wanaosema tungeanza na hilo, na mimi silipingi. Anayetaka kwenda ajitokeze, ila awe amelipa ada. GITEX nayo ina maonyesho ya Afrika kule Marrakech, Moroko. Nataja tu, msianze kupiga kelele.

Risiti zote za safari zipo kwenye faili la bluu, zinaonekana dukani kwangu siku za kazi kabla ya saa kumi na moja jioni. Hadubini inaazimwa kwa kujiandikisha, mwanachama hai kwanza. Wenye madeni wapitie kwa Mweka Hazina kabla ya kuja kwangu.

Naomba kuwasilisha.