Barua ya malalamiko: karantini ya farasi wangu ambayo mliijua na hamkuniambia

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Usafirishaji wa Wanyama Hai

YAH: KUFICHWA KWA TAARIFA ZA KARANTINI, KUVUNJWA KWA MKATABA WA KIBANDA NA KUKOSEKANA KWA KUMBUKUMBU ZA SAFARI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyehama na familia yangu kutoka Ulaya kwenda kuishi Marekani kwa kudumu. Niliwakabidhi farasi wangu wawili: Johari, jike mwenye umri wa miaka 14, na Radi, dume aliyehasiwa. Mkataba na risiti nimeziambatisha. Nimewapigia simu na kuwaandikia barua pepe, na kila mara jibu limekuwa hilo hilo, kwamba farasi wamefika salama. Radi hakufika salama. Na Johari, ambaye mwili wake ulikuwa mzima, alikutana na jambo ambalo ofisi yenu ililijua mapema, mimi sikulijua, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Naanza na Johari.

Kabla sijatia saini, niliwauliza kwa maandishi: farasi wakishatua, zinabaki hatua gani, na kila hatua inalipiwa na nani? Jibu lenu ninalo. Linasema bei inajumuisha taratibu zote za kuingia nchini, kwamba farasi wote wawili watakaa kwenye karantini ya serikali huko New York kwa takriban siku 3, watapimwa damu, kisha wataruhusiwa kuja nyumbani. Kwa Radi maelezo hayo yalikuwa sahihi. Kwa Johari hayakuwa ya kweli hata kidogo.

Farasi jike aliyepita siku 731 za umri, akitoka katika nchi zenye ugonjwa wa kuambukiza wa mji wa mimba wa farasi, ule ambao madaktari wa mifugo huuita CEM, haruhusiwi kutoka karantini ya kwanza na kwenda kwa mwenyewe. Hupelekwa kwenye kituo kingine kilichoidhinishwa, akiwa kwenye lori lililofungwa kwa lakiri ya serikali. Huko huchukuliwa sampuli za sehemu za uzazi mara kadhaa, huoshwa kwa dawa siku 5 mfululizo, na hakuna anayemchukua mpaka maabara itoe majibu. Dume asiyehasiwa ana masharti mazito zaidi, kwani lazima apandishwe kwa majike wawili wa majaribio ili ionekane kama anaambukiza. Aliyehasiwa haguswi na kanuni hiyo. Ndiyo maana Radi aliachiwa njia na Johari akazuiwa.

Siipingi kanuni yenyewe. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza Newmarket, Uingereza, mwaka 1977, na mwaka uliofuata ulikuwa umeshafika Kentucky, kwenye kitovu cha ufugaji wa farasi wa mbio. Jike anaweza kuubeba bila dalili yoyote ya nje. Nchi iliyoumia namna hiyo ina haki ya kulinda mifugo yake, na daktari aliyenieleza haya alinieleza kwa upole. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia, na aliyeniambia alikuwa mtumishi wa serikali ya nchi nyingine, siku niliyokwenda kuchukua farasi wawili na kukuta ninaruhusiwa kusubiri mmoja tu.

Ningeweza kuamini kwamba mlipitiwa, kama isingekuwa barua ya kituo cha CEM. Nilipofika huko walinionyesha kwamba nafasi ya Johari iliombwa na ofisi yenu wiki kadhaa kabla ya ndege kuruka. Jina lake limo, umri wake umo, na namba yake ya chipu imo. Kwa hiyo ndani ya kampuni yenu alikuwepo mtu aliyejua Johari anakwenda wapi, wakati mtu mwingine wa kampuni hiyo hiyo akiendelea kuniandikia kuhusu siku 3. Ankara ya kituo hicho imekuja kwa jina langu. Kuna malazi, kuna maabara, kuna daktari, kuna lori. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotajwa kwenye bei mliyonipa.

Nadhani najua maelezo mliyonitumia yalitoka wapi. Farasi wa mashindano huruhusiwa kuingia Marekani kwa muda usiozidi siku 90 bila kupitia vipimo vya CEM, kwa masharti kwamba wasipandishwe na wawe chini ya uangalizi. Wateja wenu wengi ni watu wa mashindano, na kijitabu mlichonipa kimejaa picha za farasi wenye riboni. Inaelekea mlichukua maelezo ya farasi anayekwenda na kurudi, mkamkabidhi mtu anayehama. Lakini anayehama hana mahali pa kurudi. Banda nililokuwa nimekodi nilikwisha kulirudisha, nyumba ilikuwa imeuzwa, na malisho alikokulia Johari yalikwisha kupata mpangaji mwingine. Mtu wa mashindano akikwama anaahirisha safari hadi msimu ujao. Mimi nilikuwa nimefunga milango yote kwa kutegemea neno lenu.

Na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Ningejua mapema, nilikuwa na uamuzi wa kufanya, na ulikuwa wangu kuufanya. Ningeweza kumtanguliza Johari peke yake ili kipindi chake kimalizike wakati sisi bado tunafungasha. Ningeweza kumwacha kwa mtu ninayemwamini mpaka nipate fedha za kutosha. Ningeweza hata kuamua, kwa uchungu, kwamba jike wa umri wake asisafirishwe kabisa. Watu wengi wanaohama ng'ambo hukaa na swali hilo miezi mingi, wakilijadili na watoto na kumsikiliza daktari wa mifugo, na baadhi yao huona kwamba upendo ni kumtafutia farasi nyumba nzuri pale pale alipo. Sisemi kwamba ningechagua hivyo. Nasema mlininyima nafasi ya kuchagua.

Sasa niwaeleze ya Radi.

Mkataba unasema farasi wangu watasafiri wawili katika kibanda kimoja cha ndani ya ndege, yaani kile kibanda chenye nafasi ya farasi watatu kikigawanywa sehemu mbili. Nililipa tofauti ya bei kwa ajili ya hilo. Picha iliyopigwa wakati wa kupakia, ambayo mlinitumia wenyewe, inaonyesha farasi watatu: Johari pembeni, Radi katikati, na farasi mwekundu nisiyemfahamu upande wa pili. Vizuizi vimesogezwa mpaka Radi, ambaye ni mpana wa kifua, hana pa kutanua miguu. Nilipouliza nikaambiwa kulikuwa na mabadiliko ya ndege, na kwamba watatu kwa kibanda ni kawaida ya kazi. Ni kawaida, sikatai, kwa aliyelipia watatu.

Nafasi ile sikuilipia kwa anasa. Farasi akisimama saa nyingi kichwa kikiwa kimefungwa juu, hawezi kuinama na kutoa uchafu unaokusanyika kwenye njia ya hewa. Malishoni anainama karibu siku nzima, na kwa kuinama huko vumbi na makamasi yenye vijidudu hutiririka na kutoka. Mzuie asiiname, mpe majani makavu yenye vumbi mbele ya pua, muweke kwenye hewa kavu ya ndege, na vijidudu vitashuka kwenye mapafu. Ndiyo homa ya safari, na kila anayefanya kazi hii anaijua. Ndiyo sababu niliandika kwenye maagizo yangu kwamba majani yaloweshwe maji, kwamba kamba ya kichwa ilegezwe kila inapowezekana, na kwamba farasi wapewe maji mara kwa mara hata kama wanakataa. Maagizo hayo mliyapokea na mkayatilia mhuri.

Radi alitoka kwenye ndege akiwa ameinamisha shingo, hataki majani, na alikuwa akikohoa. Karantini walipompima, joto lake lilikuwa 39.4, wakati farasi mzima hazidi takriban 38.5. Daktari wa pale akauliza maswali ambayo daktari yeyote angeuliza: homa imeanza lini, alikunywa maji kiasi gani, alijisaidia mara ngapi, kamba ililegezwa lini? Hakuna aliyeweza kujibu. Karatasi ya kumbukumbu za saisi, yaani mtunza farasi anayesafiri nao, ambayo mkataba wenu unasema huambatana na kila farasi, haikuwa kwenye bahasha ya nyaraka. Matibabu yakaanza kwa kubahatisha. Radi akabaki karantini muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na gharama za kila siku zikaendelea kupanda.

Simlaumu saisi. Kwa maelezo niliyopata pale uwanjani, alikuwa ameachiwa vibanda vingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuvizungukia, na hata hivyo ndiye aliyemfunika Radi blanketi na kuwaonya wapokeaji kwamba farasi huyu hayuko sawa. Alifanya alichoweza. Wa kulaumiwa ni aliyepanga zamu.

Kuhusu bima nitasema kwa kifupi. Mliniuzia kitu mlichokiita bima kamili ya safari. Nimesoma masharti: inalipa farasi akifa. Haigusi matibabu wala siku za ziada za karantini. Neno "kamili" liondoeni kwenye matangazo yenu.

Radi sasa anapumua vizuri, ingawa daktari amekataza asipandwe mpaka mapafu yapimwe tena. Johari ametoka kituoni, amepungua mwili na anashtuka akiona lori. Farasi hawa hawakuwahi kutenganishwa kabla ya safari hii. Kwa muda wote ambao jike alikuwa jimbo jingine, dume alisimama kwenye uzio akilia kuelekea barabarani, na watoto wangu waliniuliza kila jioni lini Johari atakuja, nami sikuwa na tarehe ya kuwapa. Mambo haya hayana ankara, na siwatozi chochote kwa ajili yake. Nataka tu myasome kabla hamjanijibu tena kwamba farasi wamefika salama.

Ninachodai ni hiki. Kwanza kabisa, nataka kumbukumbu za saisi za safari nzima, tangu kupakia hadi kupakua, pamoja na majibu ya vipimo vya awali vya damu vya piroplasmosisi (ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe) na anemia ya kuambukiza ya farasi, ambayo nililipia na mpaka leo sijayaona kwa macho yangu. Farasi akikutwa na piroplasmosisi pale karantini hurudishwa alikotoka kwa gharama ya mwenyewe. Ina maana niliwapandisha ndege bila kuwa na ushahidi wowote mkononi kwamba wangepokelewa. Daktari wa Radi naye bado anazihitaji kumbukumbu za safari, na kila siku mnayochelewa ni siku anayotibu bila kujua mwanzo wa ugonjwa.

Nadai pia mnirudishie tofauti ya bei kati ya kibanda cha wawili na cha watatu kwa farasi wote wawili, na mlipe matibabu ya Radi pamoja na siku zake za ziada za karantini. Gharama za kituo cha CEM nazo nadai mzibebe ninyi, kwa kuwa mliandika kwamba bei inajumuisha taratibu zote za kuingia nchini, na hiyo ni taratibu ya kuingia nchini. Mkiona kuna sehemu isiyowahusu, nionyesheni kifungu cha mkataba kinachosema hivyo. Mimi nimekitafuta sikukiona.

La mwisho halinihusu mimi tena, lakini nalidai kwa uzito ule ule. Fomu yenu ya maombi inaanza kwa kuuliza thamani ya farasi. Haiulizi popote kama anakwenda kwa muda au anahamia moja kwa moja. Jinsia na umri vimo ukurasa wa tatu, chini, kwenye sehemu ya bima. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua farasi atalala wapi akishatua Marekani, na vinapaswa kuulizwa kabla mteja hajatajiwa bei. Jibu mnalotoa liwe na jina la kituo, muda wa chini na wa juu, na anayelipa. Nataka mnieleze kwa maandishi mtairekebisha lini.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, yakiwa na jina na cheo cha mtu atakayelishughulikia suala hili. Siku hizo zikipita bila majibu, nitawasilisha malalamiko haya, pamoja na barua ya kituo cha CEM na picha ya kupakia, kwa mamlaka inayosimamia wasafirishaji wa wanyama hai katika nchi mliyosajiliwa, na mwanasheria wangu ataendelea na madai ya fedha.

Wenu,

Mmiliki wa Johari na Radi
(Jina, sahihi na anwani vimo kwenye nakala iliyotumwa kwa kampuni)