Barua kwa mwanangu: Uliza habari za karai, si jina la chakula

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote tu wazima. Hosteli uliyopangiwa haina jiko, kwa hiyo milo yako mingi ya Dar utaila kwa mama ntilie, kwa wauza chipsi na kwenye mahoteli ya mjini. Hapa nyumbani, kwa ajili ya siliaki yako, ule ugonjwa ambao gluteni (protini ya ngano na ndugu zake) huufanya mwili uuchubue utumbo wake wenyewe, ngano haivuki mlango wa jikoni, ndiyo maana hujawahi kulazimika kujua yanayopita nyuma ya kaunta za watu. Nakuandikia hayo.

Kwanza maneno. Ukimuuliza mpishi "mmeweka unga?" atakujibu hapana kwa moyo mweupe kabisa, maana kwa wengi "unga" ukitajwa hivi hivi ni sembe. Ukimuuliza habari za gluteni atakutazama tu. Taja ngano. (Ngano za bibi sikiliza zote, hizo hazina madhara.) Na ujue kwamba ngano ina majina ya kujifichia: suji, tambi, spageti, makaroni, chenga za mkate. Wapo wapishi hodari ambao suji hawaihesabu kuwa ngano. Ndugu zake wawili wenye madhara yaleyale ni shayiri na rai. Rai huku kwetu huioni, lakini shayiri imo kwenye bia, kwenye soda za kimea na kwenye vile vinywaji vya kimea vya kopo ambavyo watu huchanganya na maziwa asubuhi. Togwa ya kimea cha ulezi au mtama haina tatizo, mradi kimea hicho hakikuchanganywa na kingine.

La pili ni namna ya kuuliza, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mtu wa kwetu hapendi kumvunja mgeni moyo. Swali lolote linaloweza kujibiwa "ndiyo" au "hamna" litajibiwa kwa namna ya kukufurahisha. Kwa hiyo usiulize "samaki huyu hana ngano, eti?" Uliza: "Samaki huyu unampaka nini kabla hajaingia kwenye mafuta?" Usiulize "mchuzi uko salama?" Uliza: "Mchuzi huu umeufanya uwe mzito kwa kitu gani?" Uliza: "Karai hili leo limekaanga nini na nini?" Hapo hana pa kujibia "hamna shida". Lazima akumbuke alichofanya kwa mikono yake, na akikumbuka atakwambia ukweli, kwa sababu hana anachoficha.

Umuulize mpishi mwenyewe, si mhudumu. Salimia, mwamkie mkubwa shikamoo, kisha useme "daktari amenikataza ngano, hata chembe". Siliaki si aleji, wewe unajua, lakini usianze kutoa darasa la kinga ya mwili mbele ya foleni. Neno "aleji" lina kasoro moja: watu huwaza vipele, wakaona utameza kidonge yatakwisha. "Daktari amenikataza" inaheshimiwa kama anavyoheshimiwa mgonjwa wa kisukari anapokataa sukari. Akitokea mtu wa kukuambia kuwa huo ni ugonjwa wa Wazungu, mwambie habari za Wasaharawi wa Sahara Magharibi: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao. Halafu endelea na chakula chako.

Sasa kuhusu "hata chembe". Kiasi ambacho wagonjwa wengi huweza kukistahimili bila utumbo kuharibika ni kama miligramu 10 za gluteni kwa siku. Kijiko cha chai cha unga wa ngano, kikiwa sawa na mdomo wa kijiko, ni gramu 2.5 hivi, na ndani yake mna gluteni ya miligramu 200 hivi. Yaani unga uliobaki kwenye kucha za mtu aliyesukuma chapati unatosha kukumalizia haki yako ya siku nzima. Chakula cha pakiti kilichoandikwa kuwa hakina gluteni, kwa kanuni ya kimataifa, hakitakiwi kuzidi miligramu 20 katika kilo moja. Na moto hausaidii. Gluteni si kijidudu cha kufa kwenye mafuta, ni protini. Itakaangwa na itabaki gluteni.

Ndiyo maana chipsi, ambazo ni kiazi, mafuta na chumvi basi, ndizo zinazoangusha wengi. Kosa haliko kwenye kiazi. Simama karibu na karai kabla hujaagiza. Kama karai ni la chipsi peke yake, mafuta huwa na vipande vya kiazi vilivyoungua na si zaidi ya hapo. Ukiona chini kumetulia mashapo meusi kama mchanga, na povu la juu limebeba punje za kahawia, humo kumepita kitu chenye unga: sambusa, kuku wa kuviringishwa kwenye unga, katlesi. Tazama na kabati la kioo. Kama lina sambusa na soseji pembeni ya chipsi, na koleo la kuchotea ni moja, usihangaike hata kama karai ni safi. Soseji zenyewe nyingi hujazwa chenga za ngano. Chipsi mayai huwa afadhali kidogo, kwa kuwa yai linapikiwa kikaangoni peke yake, lakini chipsi zinazomiminiwa yai zimetoka kwenye karai lilelile, kwa hiyo swali linabaki palepale.

Kwa mama ntilie jambo kubwa ni saa. Asubuhi vibanda vingi ni chapati, maandazi na supu. Meza yote imejaa unga, na unga mkavu hupeperuka ukatua kwenye vyombo. Saa sita na nusu hadi saa nane ni vurugu, mpishi hana nafasi ya kukusikiliza na upawa mmoja unaingia sufuria tano. Fika saa tano na nusu. Wali ndiyo kwanza umepakuliwa, na mama ana dakika mbili zako. Ukipata kibanda kisichopika chapati kabisa, kikumbatie. Hicho ni bora kuliko hoteli ya viyoyozi yenye orodha ya kurasa kumi. Agiza wali, maharage ya nazi au mchicha, na samaki aliyekaangwa bila kupakwa kitu. Wengine humpaka samaki unga wa ngano asigande kwenye chuma, na akishaiva huoni alama yoyote, hivyo uliza kila siku hata kama jana ulikula salama. Jana huenda alikuwepo dada mwingine jikoni.

Ugali wa sembe ya kiwandani ni chaguo zuri. Ugali wa dona uulizie: ukisagwa kwenye mashine ya mtaani inayosaga pia ngano na mchanganyiko wa lishe, mabaki ya msago uliotangulia yanaingia kwenye wako. Uji wa lishe uache kabisa, wengi huuchanganya na ngano, na muuzaji mara nyingi hajui kilichomo. Sahani nazo husuuzwa kwenye beseni moja na zile zilizokuwa na chapati, kwa hiyo peleka bakuli lako lenye mfuniko na kijiko chako, umwombe akupakulie humo. Hakuna atakayeona ajabu, nusu ya wateja wanafunga chakula cha kwenda nacho.

Kuna vyakula vinavyodanganya macho. Kwenye urojo, lile rojo lenyewe la njano limeshikwa na unga wa ngano. Hata ukitoa bajia na kachori, bado unakunywa ngano. Kachori ni kiazi ndani, lakini nje mara nyingi imevikwa uji wa ngano. Katlesi huviringishwa kwenye chenga za mkate. Bajia za dengu wapo wanaozipunguzia gharama kwa ngano. Vitumbua na mkate wa kumimina asili yake ni mchele, na vikipikwa hivyo kula, ila kuna wanaotia ngano kidogo ili vishikane. Karanga za mayai zimevikwa unga. Karanga za chumvi hazina neno. Bokoboko ni ngano na nyama, usijidanganye kwa sura yake ya uji wa mchele. Pilau kwa kawaida ni salama, hatari yake ni viungo vya pakiti na vile vidonge vya mchuzi, ambavyo vingine vina ngano. Omba pakiti uisome. Biriani nayo iulizie vitunguu: vya kukaangwa palepale ni sawa, vya kununua tayari mara nyingi vimepakwa unga ili vikauke.

Jioni utajiri wako uko kwenye mkaa. Mahindi ya kuchoma, ndizi za kuchoma, muhogo wa kuchoma, mayai ya kuchemsha, supu ya pweza ya mitaani ambayo ni pweza, maji na chumvi. Mishikaki iliyolainishwa kwa papai bichi, tangawizi, vitunguu saumu na ndimu haina shida. Iliyotiwa mchuzi wa soya ina ngano, maana soya ya kawaida hutengenezwa kwa maharage ya soya pamoja na ngano. Angalia pia kama wavu unatumika kupashia mikate na chapati. Ukiona hivyo, toa kipande cha foili mkobani, umwambie "nichomee juu ya hii". Ukienda Unguja na wenzako, pale Forodhani utakuta mwenye mishikaki na mwenye mikate ya naan na pizza ya Zanzibar bega kwa bega, na koleo za kuazimana. Chagua meza ya mtu anayechoma nyama na samaki tu. Na samaki wa kukaanga, huko Dar pale Feri, kwenye soko la samaki, wako wakaangaji ambao karai zao zinajua samaki peke yake. Hao wanakufaa kuliko hoteli.

Hoteli za Kihindi za Kisutu na Upanga zina mengi ya kukufaa, na mtego mmoja ambao karibu kila mtu haujui: mvuje. Ule wa unga wa kwenye kopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, na wao huutia kwenye dengu, kwenye sambari (mchuzi wao wa dengu na mboga) na kwenye achari. Dosa, ile chapati yao nyembamba, ikiwa ya mchele na choroko nyeusi kula. Dosa ya rava usiiguse, rava ni suji. Kuku wa tanuri huning'inizwa katikati ya tanuri ambalo kuta zake zimebandikwa mikate ya naan, na makombo hudondoka. Mwombe wa kuchomwa kwenye mkaa. Hoteli za Kichina mimi ningekwambia uziache mpaka upate moja yenye soya isiyo na ngano na sufuria ya pembeni, jambo ambalo kwa kweli ni nadra. Injera, ule mkate wa Kihabeshi, ikiwa ya nafaka ya tefu tupu ni yako, ila huku ugenini tefu ni ghali, kwa hiyo wengi huichanganya na ngano.

Nimekuandikia kadi kumi, ngumu, za kumwachia mpishi akazisome mwenyewe mahali penye kelele:

"Samahani mpishi. Daktari amenikataza ngano na shayiri, hata kidogo sana. Siwezi kula chapati, maandazi, tambi, suji, chenga za mkate wala mchuzi wa soya. Siwezi pia kula kitu kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga vitu hivyo, wala kugusishwa mwiko au kibao chake. Naweza kula wali, ugali, ndizi, viazi, muhogo, maharage, mboga, mayai, nyama na samaki visivyopakwa unga. Kama huna uhakika niambie tu, nitaagiza kingine. Asante sana."

Hiyo sentensi ya kabla ya asante usiifute. Inampa mtu njia ya kusema "sijui" bila kuona aibu, na "sijui" ya mpishi ni jibu zuri kuliko "hamna shida".

Siku ukiteleza utajijua: tumbo litajaa, utaharisha, kichwa na uchovu, baada ya saa chache au kesho yake. Hakuna dawa ya kuitoa gluteni. Kunywa maji, ORS ikiwa unaharisha, kula wali mweupe na ndizi, pumzika. Usikimbilie duka la dawa kununua flajili kwa kukisia, wala usikubali kila tumbo liitwe taifodi. Lakini homa, damu kwenye choo, au kuharisha kusikoisha baada ya siku mbili tatu si kazi ya ngano iliyoteleza. Nenda hospitali, wapime na malaria. Na usipoumwa baada ya kula kitu cha mashaka, usihesabu kuwa umepona: utumbo huweza kuchubuka kimya kimya. Ndiyo sababu ya kile kipimo cha damu cha tTG-IgA kila mwaka. Cha safari hii ukifanye kabla ya likizo, uje na karatasi ya majibu.

Bakuli, kijiko na kadi viko mfuko wa mbele wa begi. Foili niliyokuwekea ni ile nene. Ikiisha nunua nene tena; nyepesi inachanika kwenye wavu na nyama inagusa chini.

Mama yako