Barua kwa Mwalimu: uhuru ulivyopitia Nakuru

Omera Mwalimu,

Habari ya Kisumu? Mama watoto hajambo, na vijana? Sisi huku Nakuru tuko poa, mvua ilinyesha vizuri na watu wa Njoro wanavuna mahindi. Ulisema kwa simu unataka kitu ya kuambia wanafunzi wako kabla ya Jamhuri Dei, kitu hawajaskia, nikakwambia ngoja nikuandikie juu hii mambo haiwezi toshea kwa simu.

Kwanza waulize, tarehe 12 Desemba 1963 rais wa Kenya alikuwa nani? Wote wataitikia Kenyatta. Hapana. Usiku ule bendera yetu ikipanda Nairobi, Prince Philip mume wa Malkia akiwa hapo kwa niaba ya bibi yake, Kenyatta alikuwa waziri mkuu, na akakaa waziri mkuu mwaka mzima, mkuu wa nchi bado ni Malkia Elizabeth na gavana jenerali wake hapa ni Malcolm MacDonald. Rais tulipata 12 Desemba 1964. Na huo mwaka wa katikati ndio ulimeza majimbo. Katiba ya uhuru ilikuwa imepatia kila jimbo bunge yake, nyinyi Kisumu makao ya Nyanza, Kakamega ya Magharibi, na sisi hapa Nakuru ya Bonde la Ufa, ambako rais wa jimbo alikuwa Moi. KADU, chama ya upinzani iliyotaka majimbo, wakavunja chama chao Novemba 1964 wakaingia KANU ya Kenyatta, majimbo ikaisha, mwezi uliofuata tukawa jamhuri. Mtoto akijua hivyo, hii mambo ya serikali za kaunti ataielewa haraka sana.

Sasa hii ya Nakuru ndio naipenda na roho yangu yote, na inaniuma venye haisemwi. Tarehe 12 Agosti 1963, miezi nne kamili kabla ya uhuru, Kenyatta alikuja hapa kwa ukumbi wa mji kuongea na masetla. Si wachache, walikuwa mamia, wakulima wa kizungu, na mwenyekiti wa mkutano ni Lord Delamere, mtoto wa yule Delamere wa kwanza kuja Kenya. Fikiria hao watu wameketi hapo wanamngojea mtu ambaye gavana wa waingereza, Renison mwenyewe, mwaka wa 1960 alimuita kiongozi wa kupeleka watu kwa giza na kifo. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kukamua ng'ombe kwa mzungu Njoro, aliniambia miaka hiyo ilikuwa ni minada tu, leo shamba hili kesho lile, trekta, ng'ombe wa maziwa, mpaka viti vya jikoni na masufuria vinatolewa nje kwa nyasi watu wanachagua, na wafanyikazi wamesimama kando hawajui kesho watalala wapi juu nyumba ni za tajiri. Hao ndio mimi hufikiria sana nikisoma hii historia, sio masetla peke yao.

Kenyatta akasimama akawaambia hakuna jamii ya malaika, iwe ya weupe, ya wahindi ama ya weusi, sisi wote ni binadamu na binadamu hukosea, kama mimi nimewakosea mnisamehe, na kama nyinyi mmenikosea mimi nawasamehe. Akawaambia wabaki walime. Wale watu walikuja na uoga wote huo wakamaliza mkutano wakipiga kelele ya Harambee. Kuna wenye waliuza wakaenda bado, na kuna wenye wako hapa mpaka leo na vizazi vyao, na kuna watu wetu wa Mau Mau waliotoka msituni wakaambiwa wasahau kabla hata hawajapata robo eka, hiyo nayo usiwafiche wanafunzi, juu msamaha ule mtu mmoja aliutoa kwa niaba ya wengi ambao hawakuwa kwa ile chumba.

Alafu uhuru ukaja, na haikuisha miezi miwili, hapa hapa Lanet, kambi ya jeshi karibu na mji, 24 Januari 1964, masoja wa batalioni ya 11 ya Kenya Rifles wakagoma. Zanzibar ilikuwa imepinduliwa tarehe 12, jeshi ya Tanganyika ikaasi, ya Uganda ikafuata. Hawa wetu walikuwa wanangojea waziri mkuu atangaze mambo ya mshahara kwa redio, na hakutangaza. Wengi wa maofisa juu yao bado ni waingereza, yani bendera imebadilika lakini mwenye anakuamrisha asubuhi ni yule yule wa jana. Serikali ikaita jeshi ya Uingereza ndio ije itulize, soja mmoja akauawa, wengine wakapelekwa mahakama ya kijeshi na batalioni ikavunjwa. Leo makadeti wanapewa vyeo hapo Lanet kila mwaka, magari ya wakubwa yanapita, na kijana wa hapa mtaani ukimuuliza habari ya 1964 anakuangalia tu.

Wimbo wa taifa pia usisahau, ile kamati ya watu watano walioutengeneza kutoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, Washington Omondi na Peter Kibukosya walikuwa ndani, watoto wa huko kwenu watafurahi.

Ukikuja likizo teremka Lanet usifike mjini kwanza, mimi ntakungoja hapo steji twende polepole. Na uniambie wanafunzi watasema nini kuhusu wale masoja, walikosea ama walikuwa na haki yao, juu hapa nyumbani mimi na bibi yangu tumebishana hiyo maneno na mpaka saa hii hatujakubaliana.

Salimia wote,
Rafiki yako wa Nakuru