Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mizinga Tunayo, Maua Je?

Ndugu wanachama, wazee wetu, Bwana Afisa Nyuki wa Wilaya, salaam.

Katiba ya chama inanitaka niwasomee taarifa ya mwaka kabla Mweka Hazina hajasoma hesabu. Taarifa za nyuma zilijaa mizinga: mingapi imenunuliwa, mingapi imetundikwa, mingapi imeingiwa na nyuki. Safari hii nazungumzia kitu ambacho hakijawahi kuwekwa kwenye ajenda yetu, nacho ni mbochi, yale maji matamu yaliyomo ndani ya ua.

Mizinga imeongezeka, asali imepungua. Manzuki yetu, yaani eneo la kutundikia mizinga, iliyo karibu na mashamba, yenye mizinga mizuri ya masanduku, imetoa ndoo chache kuliko mizinga ya magogo ya wazee kule ndani ya msitu. Kamati ilikwenda kuangalia. Nyegere, yule mnyama mwizi wa asali, hakuwa amefika, na makundi yenyewe yalikuwa na nguvu. Tofauti tuliyoiona ni miti. Kule kwa wazee nyuki wamezungukwa na miti ya mtundu na muba. Huku kwingine wanavuka mashamba na visiki kabla ya kukuta ua.

Naomba tulielewe jambo hili vizuri, maana fedha zetu zinakwenda huko. Nyuki hatengenezi utamu. Utamu unatengenezwa na jani kwa jua na maji, unateremka ndani ya mti kama sukari, na sehemu yake inatolewa kwenye ua ili kumlipa mgeni atakayebeba chavua. Ua moja linatoa kiasi kidogo sana, na sukari yake hutofautiana mti na mti, hata saa na saa. Jua kali likipiga, maji hupungua na sukari inazidi. Mvua ikinyesha juu ya ua lililo wazi, mbochi inaoshwa au inakuwa majimaji tu.

Nyuki hunyonya mbochi, huibeba tumboni katika kifuko cha pekee, na akifika mzingani humpa mwenzake mdomo kwa mdomo. Wale wa ndani huichanganya na vimeng'enya, huitandaza kwenye sega na kuipepea kwa mabawa mpaka maji yapungue. Sasa tupige hesabu. Tuseme mbochi ina sukari asilimia 30. Ili kupata kilo moja ya asali yenye maji asilimia 18 zinahitajika kilo 2.7 hivi za mbochi. Nyuki aliyejaza vizuri hubeba kama miligramu 40. Hiyo ni karibu safari elfu 70 kwa kilo moja tu, tena nimehesabu kana kwamba kila nyuki anarudi amejaa, jambo ambalo halitokei.

Na safari hizo zina gharama. Nyuki anaporuka anatumia sukari ileile aliyoibeba. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki anaporudi hucheza ngoma juu ya sega kuwaeleza wenzake upande na umbali wa maua. Wanaweza kwenda kilomita kadhaa, lakini kadiri wanavyokwenda mbali ndivyo kinachobaki kwa ajili ya sega kinavyopungua. Mtu akitundika mzinga mpya mahali pasipo na maua, amewajengea nyuki nyumba bila shamba.

Misimu yetu mnaijua kuliko mimi. Mtundu, ambao wataalamu huuita Brachystegia spiciformis, hutoa majani mapya mekundu na maua kabla ya mvua, wakati nyasi bado ni kavu. Muba, yaani Julbernardia globiflora, husubiri, huchanua wakati mvua zinaendelea au zinaelekea kwisha, na ndiyo inayotupa mavuno ya kiangazi. Mwaka huu mvua ziliwahi na kuupiga mtundu ungali na maua. Hilo halina mwenye kulaumiwa. Lakini kabla ya mvua ulipita moto kichaa, uliowashwa na mtu, ukaunguza matawi ya chini na vichipukizi vyote. Moto wa Septemba hauchomi nyasi peke yake. Kamati inapendekeza tuchome mapema, nyasi zikiwa bado na umajimaji, na kusafisha njia za moto kuzunguka manzuki zote mbili. Kazi hiyo itatupa asali nyingi kuliko mizinga mingine tukiinunua.

La pili ni magome. Wazee wangu, nasema kwa heshima. Mzinga wa gome ni ufundi wenu na umetulisha sote. Ila gome hilo linabanduliwa kuuzunguka mti wote, na mti ukibanduliwa hivyo unakufa, na mara nyingi mti wenyewe ni mtundu au muba, yaani uleule unaotoa mbochi. Tunaua ng'ombe ili tupate kiriba cha ngozi cha kuwekea maziwa. Napendekeza kuanzia mwaka huu chama kisipokee mzinga mpya wa gome. Iliyopo itumike mpaka ichakae.

La tatu litaleta kelele, najua. Wengi wetu ni wakulima wa tumbaku, na mimi nimo. Mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto, yanakula kuni za misitu hiihii. Sisemi watu waache tumbaku, maana ada za watoto zinatoka huko. Nasema kila mwenye bani apande miti yake ya kuni na aache kukata mti wa maua. Anayetaka kubisha, abishe leo hapa ukumbini, si kesho kilabuni.

Upande wa mauzo, mnunuzi mmoja alitukatalia shehena kwa sababu asali ilikuwa imeanza kuchachuka. Sababu inajulikana: ilirinwa mbichi, masega hayajafunikwa nta. Nyuki hufunika sega wakati asali imeiva. Kabla ya hapo ile ni mbochi iliyo njiani, maji yamezidi asilimia 20, na chachu haihitaji mwaliko. Kwa anayetaka wanzuki, ile pombe ya asali, sawa, apike wanzuki kwake. Kwenye ndoo za chama tunataka asali. Tumenunua kifaa cha kupimia maji, kiko kwa Katibu, na kila ndoo itapimwa mbele ya mwenyewe kabla ya kupokelewa.

Niongeze kidogo, nisionekane nawatetea nyuki peke yao. Mbochi ina walaji wengi. Ndege chozi mnayemwona kwenye mishubiri anaifuata hiyohiyo. Ua la mbuyu hufunguka jioni na kuhudumiwa na popo. Mpapai wa nyuma ya nyumba hutembelewa na nondo wakubwa giza linapoingia. Katika kunywa kwao ndimo mbegu na matunda yanamopatikana, na wakulima wa alizeti waliopo hapa wanajua shamba lililo karibu na mizinga linavyojaza vichwa. Wawili kati yao wameomba tuwawekee mizinga msimu ujao. Kamati imekubali, kwa sharti kwamba hawatapuliza dawa wakati alizeti imechanua.

Ninayoomba mkutano uyaamue ni haya. Nusu ya fedha iliyotengwa kwa mizinga mipya ihamishiwe kwenye njia za moto na ulinzi wa msitu. Chama kianze daftari la maua: kila manzuki iwe na mtu wa kuandika mti gani umechanua, lini, na nyuki walikwenda kwa wingi kiasi gani, ili baada ya miaka michache tujue pa kutundika bila kubahatisha. Pia mnipe ruhusa, mimi na Katibu, tukaonane na serikali ya kijiji pamoja na Afisa Nyuki kuhusu eneo la magogo ya wazee. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 inatambua hifadhi za nyuki, na eneo lile linastahili kuombewa kabla halijagawiwa mashamba.

Wanachama ambao hawajalipa ada ya mwaka wamuone Mweka Hazina wakati wa chakula. Wasiolipa hawatapiga kura mchana. Namkaribisha sasa asome hesabu.